Mkono Juu ya Paa

Wakili huyu hana sauti ya mahakamani. Anayemsikia kwa mara ya kwanza hudhani amekuja kuulizia ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, miwani yake huteleza puani kila anapoinama, na kwa miaka kumi na minne sasa kazi yake kubwa imekuwa moja: kuwahoji polisi waliokamata watu kwa kosa la kuendesha gari wakiwa wamelewa. Askari wa barabarani wamempa jina. Wanamwita Bi Taratibu. Wanalitamka jinsi watu wanavyoutaja ugonjwa wa sukari, ambao haukurukii mwilini, unakaa nawe tu, mpaka siku unajitazama unakuta huna kidole.

Hamuulizi shahidi kwa nini. "Ukimuuliza polisi kwa nini," huwaambia mawakili wachanga wanaomfuata kwenye korido, "umempa kiti, na maji ya kunywa juu yake." Yeye huuliza jambo dogo, lenye jibu la ndiyo au hapana, kisha jingine dogo. Kila jibu ni mlango anaoufunga polepole nyuma ya shahidi, bila kishindo, na shahidi hugundua kwamba yumo chumbani peke yake pale tu anapotafuta pa kutokea.

Watu husema kipaji. Si kipaji. Kabla ya kuwa wakili alikuwa mpiga chapa wa kituo cha polisi, kitengo cha usalama barabarani, kwa miaka tisa. Alikaa kwenye chumba chenye dirisha moja la nondo, meza yenye kioo juu, na mashine nzito iliyomwachia sugu kwenye ncha za vidole viwili. Askari waliingia kutoka barabarani wakiwa na vumbi, njaa na daftari, wakasimama nyuma ya kiti chake na kumtajia maelezo yao. Aliwapigia, akawasahihishia, akawanyoosha. Jioni alikwenda kusoma sheria. Kwa hiyo anapowatazama leo kizimbani anajua wameshikilia nini mkononi. Anajua karatasi ile ilivyozaliwa, na nani alikuwa anataka kwenda kula.

Faili lililomsumbua kuliko yote lilikuja na mtu mfupi.

Mtu huyo alikuwa dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali ya wilaya. Kifua kipana, shingo hakuna, na kimo ambacho wenzake kazini walikitungia jina la Robo. Alikaa ukingoni mwa kiti ofisini kwa Bi Taratibu, miguu ikigusa sakafu kwa vidole tu, akaeleza bila kupamba. Alikuwa amepeleka mama mjamzito hospitali ya rufaa, safari ya usiku kucha. Alfajiri akasugua machela kwa spiriti kama sheria ya kazi inavyotaka, akaanza kurudi na gari tupu. Saa mbili asubuhi, kwenye mzunguko wa barabara karibu na kituo cha polisi, macho yalimfumbika kwa muda wa kupepesa kope, gari likagonga ukingo wa saruji. Koplo aliyekuwa zamu akafika, akanusa, akaona macho mekundu, akasema umelewa.

"Ulikuwa umekunywa?"

"Chai, mama. Tena ilikuwa imepoa."

"Walikupima?"

"Walisema kipimo cha pumzi kimepelekwa matengenezo. Na daktari wa kutoa damu hakupatikana. Mimi nafanya kazi na madaktari kumi na mmoja, lakini siku hiyo daktari hakupatikana."

Leseni yake ilichukuliwa siku ile ile, miezi mitano ilikuwa imepita, na hospitali ilikuwa imemwandikia barua: kesi isipokwisha mpaka mwisho wa mwezi, nafasi yake atapewa mwingine. Alikuwa ameendesha gari lile miaka kumi na saba. Hakujua kazi nyingine, na hakutaka kuijua.

Bi Taratibu alipobaki peke yake alifungua maelezo ya koplo. Alisoma kama asomavyo siku zote, kidole kikitembea chini ya mstari. Macho mekundu, sawa. Harufu kali, sawa. Kisha kidole kikasimama.

*Aliposhuka, miguu yake haikupatana juu ya njia ya kwenda. Alishika mlango kwa mkono mmoja na paa la gari kwa mkono wa pili, kama mtu anayezuia nyumba isimwangukie.*

Alivua miwani. Nje fundi alikuwa anagonga bati, na kila nyundo ilipotua aliisikia kifuani.

Sentensi ile ilikuwa yake. Si kwamba ilifanana na yake. Aliiandika yeye, miaka ishirini na tatu nyuma, akiwa msichana mwenye kiu ya vitabu na hana mtu wa kumsomea anachoandika. Sajenti mmoja alikuwa amemkamata mwalimu mwenye gari dogo, na maelezo yake yalikuwa makavu: *alikuwa amelewa, alishika gari.* Msichana akamuuliza alishikaje, sajenti akaonyesha kwa mikono, huku mlangoni, huku juu, na msichana akapiga mistari ile miwili kwa furaha ya mtu aliyepata tunda bila kupanda mti. Sajenti akaisoma mara mbili. "Binti," akasema, "una mkono. Hii usiitupe." Mwalimu akatiwa hatiani. Wiki iliyofuata askari mwingine akaja, akasimama nyuma ya kiti. "Nipigie na mimi ile ya nyumba." Karatasi ikawekwa chini ya kioo cha meza, ili asiwe anaikumbuka kwa kichwa. Alipoacha kazi aliiacha pale pale. Hakuifikiria tena. Lakini mashine zilipotoka na kompyuta zikaingia, inaonekana kuna mtu alikiinua kioo na kuinakili karatasi ile, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayehama na mbegu za bibi yake.

Siku mbili hakulala vizuri. Alijaribu kuhesabu, akaacha. Askari wangapi, kwa miaka ishirini na tatu, kwa kituo kimoja chenye barabara kuu mbele yake? Ni watu wangapi waliosimama kizimbani wakisikia kwamba walizuia nyumba isiwaangukie, wakajiuliza kama kweli walifanya hivyo, na pengine, kwa kuwa karatasi ilisema, wakaamini? Wengine walikuwa wamelewa kweli, hilo hakulikana. Ndilo lililomuuma zaidi: kwamba maneno yake hayakujali.

Siku ya tatu alimwita dereva.

"Kaka, kuna jambo lazima ulijue kabla sijasimama kwa niaba yako." Akamweleza lote. Dereva alisikiliza mdomo wazi.

"Wewe?"

"Mimi. Sasa sikia ugumu wake. Nikisema hili mahakamani katikati ya kesi, mimi si wakili tena, nimekuwa shahidi. Nitatakiwa kujitoa, kesi ianze upya na mtu mwingine, na mwisho wa mwezi utapita. Nikinyamaza, itabidi nimhoji koplo kwa kilichomo kwenye karatasi peke yake, nisiseme ninachokijua. Naweza. Lakini ni haki yako kutaka wakili ambaye hakukuandikia shitaka miaka ishirini kabla hujakamatwa."

Dereva alikuna kidevu. Akatazama dari. Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka kukasirika.

"Mama, gari langu likiharibika njiani simtafuti aliyesoma vitabu. Namtafuta aliyelifungua akalifunga mwenyewe. Baki."

"Nikishinda, baadaye nitasema. Nitasema hadharani."

"Baadaye sema hata redioni. Mimi nitakuwa barabarani."

Asubuhi ya kesi, mama mzazi wa Bi Taratibu, ambaye anaishi naye na ana miaka themanini na ulimi wa miaka ishirini, alimkuta amesimama dirishani na kikombe ambacho hakijaguswa.

"Unakwenda kugombana na polisi tena?"

"Sigombani, mama. Nauliza tu."

"Hata mbu haumi, mwanangu. Anauliza tu kama kuna damu." Akamtazama vizuri. "Leo una nini? Umevaa viatu vya msibani."

"Ni vyeusi tu."

"Basi vaa uso mwingine. Polisi wakikuona hivyo watadhani umekuja kuomba msamaha."

Akacheka, na kicheko kile kilimrudisha mahali pake. Alipofika mahakamani alikuwa Bi Taratibu.

Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimepakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua, benchi za mbao zimeng'arishwa na suruali za watu wanaosubiri. Hakimu alikuwa mtu mzima asiyependa maneno mengi. Gari la wagonjwa lenyewe lilikuwa uani: Bi Taratibu alikuwa ameiandikia hospitali barua, na dereva wa muda akalileta, akaliegesha kivulini mbele ya dirisha la mahakama, jeupe na refu kama kabati la nguo.

Koplo alipanda kizimbani kijana, nadhifu, kola imepigwa pasi. Mwendesha mashtaka akamwongoza katika maelezo yake, naye akayasoma vizuri. Alipofika kwenye nyumba isimwangukie, watu wawili nyuma walicheka kwa kupendezwa. Bi Taratibu alisikia kicheko kile kama mtu anayesifiwa kwa kosa.

Alisimama.

"Koplo, pole na kazi."

"Asante, wakili." Alikuwa ameonywa juu yake, na alisimama kama mtu anayengoja sindano.

"Asubuhi ile ulikuwa karibu na gari?"

"Karibu sana. Hatua mbili."

"Hakuna kilichokukinga usione."

"Hakuna."

"Ulichoandika uliandika kwa kuwa ulikiona."

"Kwa macho yangu haya."

"Hukuambiwa na mtu."

"Hapana."

"Mshtakiwa aliposhuka, alishuka kabisa? Au mguu mmoja ulibaki kwenye kikanyagio?"

"Alishuka kabisa. Miguu yote miwili chini. Ndiyo maana niliona haipatani."

"Miguu yote chini. Asante." Akageuza ukurasa ambao haukuwa na kitu. "Mkono mmoja ulishika mlango."

"Ndiyo."

"Mkono wa pili haukushika mlango."

"Hapana. Paa."

"Labda ni kioo cha pembeni? Mtu anaweza kuchanganya."

Hapo ndipo alipomwachia nafasi ya mwisho, na alimwachia kweli. Koplo akainua kidevu. "Sikuchanganya, wakili. Mimi si mtoto. Ni paa."

"Kiganja kilikuwa juu ya paa."

"Kiganja chote."

"Kwa muda gani?"

"Kama dakika moja. Alikuwa anajizuia asianguke."

"Mheshimiwa," Bi Taratibu akamgeukia hakimu, kwa sauti ile ile ya kuulizia vyeti, "gari lenyewe liko uani. Naomba mahakama ilitazame, na mshtakiwa asimame alipoonwa amesimama."

Mwendesha mashtaka aliinuka nusu. "Mheshimiwa, hatujui kama mshtakiwa hatajifanya mfupi."

"Mfupi kuliko hapo?" hakimu akauliza, na chumba kizima kikaangua kicheko, dereva akiwemo.

Wakatoka. Karani alibeba faili kifuani, hakimu akashika kofia yake jua lilipompiga, watu wa kesi nyingine wakasogea nao. Dereva alifungua mlango wa gari alilokuwa hajaligusa miezi mitano. Kabla ya kusimama palipotakiwa, aliupitisha mkono kwenye usukani, haraka, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala kuona kama ana homa. Hakuna aliyemkemea.

"Simama wima," hakimu akasema. "Shika mlango. Sasa shika paa."

Dereva alinyoosha mkono. Ncha za vidole zilifika juu ya kioo, zikagusa mfereji mdogo wa mvua juu ya mlango, zikaishia hapo. Paa lilikuwa juu zaidi, mkono mzima na nusu. Akasimama kwa vidole vya miguu. Hakimu akamwambia aruke. Akaruka, akapiga bati la ubavuni kwa kofi, akatua. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo akiruka hivyo amelewa, mimi nitaanza kunywa."

Hakimu alimwita koplo. "Wewe ni mrefu. Jaribu."

Koplo alikuwa mrefu kweli. Alinyoosha mkono, na vidole vyake navyo vilisimama chini ya ukingo wa paa. Akabaki hivyo kwa muda, mkono hewani, akitazama juu, na Bi Taratibu aliona wakati ule ule alipoelewa. Uso wake haukuwa wa mwongo aliyenaswa. Ulikuwa wa mtu aliyevaa shati la ndugu yake siku zote na leo tu ndio anaambiwa lina jina la mwingine kolani.

Waliporudi ndani, Bi Taratibu alibakiwa na swali moja. Lilikuwa limemkaa kwenye ulimi. Maneno haya uliyatoa wapi? Alijua jibu, na alijua baada ya jibu lile kungekuja swali jingine, la hakimu, na baada ya hapo asingeweza kunyamaza tena. Dereva alikuwa anamtazama. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele.

"Sina swali jingine, mheshimiwa," akasema, akakaa.

 

Hakimu hakwenda mbali. Kesi yote ya upande wa mashtaka ilisimama juu ya macho ya mtu mmoja, akasema, na macho hayo yamethibitika kuona kisichowezekana. Mahakama haiwezi kujua ni kipi kingine kati ya alivyoandika kilikuwepo. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Leseni irudishwe leo.

Karani aliitoa kwenye bahasha iliyobanwa nyuma ya faili. Dereva aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama picha yake ya zamani, akaiweka mfukoni, akaitoa, akaiweka mfuko mwingine. Dereva wa muda alimtupia funguo bila kuulizwa. Dakika tano baadaye gari jeupe lilikuwa linatoka getini, Robo akionekana kichwa tu nyuma ya usukani.

Hapo Bi Taratibu alisimama tena. Chumba kilikuwa kinamwagika watu.

"Mheshimiwa, kabla faili halijafungwa, naomba neno lisilomhusu mteja wangu."

Akasema. Hakuongeza wala hakupunguza: chumba chenye dirisha la nondo, sajenti, mwalimu mwenye gari dogo, karatasi chini ya kioo. Mwendesha mashtaka alikaa chini polepole. Koplo, aliyekuwa mlangoni akitaka kwenda zake, aligeuka.

"Ni wewe uliyeandika ile ya nyumba?" akauliza, akasahau alipo. "Sisi tumeikuta kwenye kompyuta. Tunaambiwa wote, ukikamata mlevi, anza na hii."

"Ni mimi, mwanangu. Nisamehe."

 Hakimu akamwambia karani aandike kila neno, na nakala ipelekwe kwa mkuu wa kituo na kwa mwanasheria wa serikali. "Unajua wakili," akasema, "kwamba kuanzia kesho mlango wa ofisi yako utajaa watu waliohukumiwa kwa sentensi hiyo."

"Najua, mheshimiwa. Nimeshanunua benchi."

Walikuja. Wanakuja hadi leo, wengine na nakala za hukumu zilizokunjwa mara nane. Anawapokea mmoja mmoja, anawauliza gari lilikuwa la aina gani, na wale waliokuwa wamelewa kweli anawaambia hivyo usoni. Wengi wanakubali. Mmoja tu alimtukana.

Kituoni aya ile ilifutwa, na askari wakaamriwa kuandika kila mmoja kwa maneno yake. Miezi minne baadaye Bi Taratibu alikuwa anamtetea mfanyabiashara wa matofali, mtu mnene aliyeapa kwa watoto wake wote sita kwamba hajaonja kitu, na koplo yule yule alipanda kizimbani. Kola imepigwa pasi. Safari hii hakusoma vizuri. Alikwama kwama, maana mwandiko ulikuwa wake.

"Mshtakiwa alikuwa amevaa kiatu kimoja," alisoma. "Kingine kilikuwa juu ya boneti. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema nyumbani. Nikamuuliza nyumbani ni wapi. Akaniuliza, kwani wewe hupajui? Kisha akaniomba nimshikie usukani aende akajisaidie, na gari lilikuwa halijasimama vizuri, nikalazimika kulikimbilia."

Chumba kiliinamisha vichwa kuzuia kicheko. Koplo aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akangoja. Bi Taratibu alisimama, akapitisha kidole chini ya mistari, mmoja baada ya mwingine, taratibu, akitafuta ufa. Alifika mwisho wa ukurasa. Akamtazama mteja wake, ambaye alikuwa anachunguza viatu vyake.

"Koplo," akasema, "boneti lilikuwa la moto?"

"La moto, wakili. Kiatu kilikuwa kimeanza kunuka."

"Asante. Sina swali jingine."

Akakaa, akafunga faili, akamwinamia mfanyabiashara sikioni. "Baba," alimnong'oneza, "tuombe adhabu ndogo."